UHAMAPO, HAMISHA NA JINA LAKO

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa zaidi juu ya biashara, lakini mimi naona yafaa pia kwa watu wanaohama. Mtu ahamapo hufunga vitanda, masufuria na magunia, akahesabu hata kuku wake mmoja mmoja. Lakini jina lake, ambalo ni mali yake kubwa mbele ya serikali, aghalabu huliacha nyuma, limeandikwa katika daftari la mahali ambapo hakai tena. Katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu ni daftari zipi humfuata mtu zenyewe, na ni zipi zisizomfuata mpaka yeye mwenyewe aende akazihamishe.

Habari hizi nilizijua kwa sababu nyumba yetu ilihama. Mwanzoni mwa mwaka 2024 baba, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alipata uhamisho kutoka Manyoni, Mkoa wa Singida, akapelekwa Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Nasi tukapanga nyumba katika Kata ya Magomeni. Tulikuja na pikipiki moja, mbwa mmoja aitwaye Simba, na wapiga kura watatu, yaani baba, mama na kaka yangu. Wakati wa likizo mimi ndimi niliyetumwa kushika bahasha ya karatasi na kufuatana na wakubwa ofisi hata ofisi. Kwa hiyo niliona mengi na kuuliza mengi.

Jambo la kwanza la kuangalia ni jina la mahali penyewe. Iko Magomeni ya Dar es Salaam, ambayo wengi wanaijua. Iko Magomeni ya Bagamoyo. Iko Magomeni ya mjini Zanzibar. Na iko hii yetu ya Kilosa. Anayeandika katika fomu "Magomeni" peke yake hajaandika kitu. Yafaa aandike kitongoji, kata, wilaya na mkoa, kila kimoja mahali pake.

Sasa nianze na mtu mwenyewe. Mgeni akifika, mlango wake wa kwanza ni kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mjini penye mitaa ni kwa mwenyekiti wa mtaa. Hapo huandikwa katika daftari la wakazi: jina lake, kazi yake, watu alio nao na mahali alikotoka. Watu wengine hudharau daftari hili kwa kuwa halina mashine wala picha. Hawajui kwamba ndilo mzizi wa mengine yote. Ukitaka kufungua hesabu benki, au kumwekea ndugu yako dhamana, au kuomba kitambulisho, utaulizwa barua ya utambulisho. Na kiongozi hawezi kukuandikia barua ikiwa hakujui. Twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi huyo mgeni, kabla ya kupewa jembe, na aandikwe.

Kinyume cha hilo ni namba ya kitambulisho cha taifa, ile itolewayo na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Namba hiyo ina tarakimu ishirini, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa kwa mwenyewe. Haibadiliki uhamapo, uende Kigoma, uende Mtwara, ni ile ile. Hii ni daftari inayokufuata yenyewe.

Watu wa Kilosa wana sababu ya pekee ya kuheshimu daftari. Mto Mkondoa hupita mjini petu, na mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi, ukaharibu hata njia ya reli. Maelfu ya watu wakaishi katika mahema. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto mchanga huko Manyoni, lakini majirani zetu wa sasa husimulia jinsi maji yalivyochukua hati, vyeti na kadi zilizowekwa chini ya magodoro. Karatasi iliyo ndani ya sanduku huweza kuzama. Jina lililoandikwa katika daftari ya ofisi, na namba yake ukiikumbuka, huweza kutafutwa tena.

Jambo la pili ni chombo cha moto. Hapa Tanzania Bara magari na pikipiki huandikishwa na Mamlaka ya Mapato, katika daftari moja kwa nchi nzima. Namba ya gari huanza kwa herufi T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu. Ya pikipiki huanza kwa MC. Katika herufi hizo hamna jina la mkoa. Kwa hiyo pikipiki yetu iliyotoka Singida haikuhitaji namba mpya Morogoro, na wale waliomwambia baba kwamba itampasa kununua vibao vingine walikosea. Kadhalika ada ya leseni ya barabara, iliyokuwa ikilipwa kila mwaka, ilifutwa mwaka 2017, na fedha zake zikatafutwa katika kodi ya mafuta. Bima haikufutwa. Bima ni lazima, nayo ina tarehe yake ya kwisha, uhame usihame.

Lakini yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni umilikaji. Watu wengi wanapohama huuza pikipiki kwa jirani, wakapokea fedha, wakampa kadi na kwenda zao. Kadi ile bado ina jina la muuzaji. Pikipiki ikimgonga mtu, au ikitumiwa katika wizi, jina litakalosomwa katika daftari ni la yule aliyehama, naye hana habari. Tena mnunuzi naye hana salama, kwani akitaka kuuza atamtafuta mwenye jina na asimwone. Njia iliyo sawa ni kuandikiana mkataba wa mauziano, kisha wote wawili wapeleke mkataba, kadi ya asili na namba zao za mlipa kodi kwa Mamlaka ya Mapato, ili jina libadilishwe. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya kesi.

La pili ni bodaboda. Namba ya pikipiki ni ya nchi nzima, lakini ruhusa ya kubeba abiria ni ya eneo na kituo. Kaka yangu alikuwa na kituo chake Manyoni. Alipofika Kilosa ilimpasa kuanza tena kwa kuomba ruhusa ya hapa na kujitambulisha kwa wenzake wa kituo. Mtu aweza kuwa na leseni nzuri ya udereva na bado akawa hana haki ya kupakia abiria mahali asipoandikwa.

Si kila mahali mambo ni mepesi hivi. Zanzibar wana daftari lao la magari, na namba zao huanza kwa Z. Huko Marekani, ambako nchi imegawanyika katika majimbo 50, kila jimbo lina vibao vyake. Mtu akihama kutoka jimbo moja hadi jingine hupewa siku chache za kubadili namba ya gari na leseni ya udereva, na mara nyingi humwandikisha na mbwa wake katika mji au wilaya anayohamia. Kura nayo huandikishwa upya katika jimbo jipya, ila katika jimbo la North Dakota, ambako peke yake hakuna daftari la wapiga kura. Tukilinganisha, sisi wa Bara tumepunguziwa mzigo wa gari. Lakini tusidhani kwamba tumepunguziwa kila mzigo.

Jambo la tatu ni wanyama. Wengi watacheka wakisikia mbwa ana karatasi, lakini kichaa cha mbwa si jambo la kucheka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Wataalamu wanasema kwamba asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi mbwa mgeni asiyechanjwa hupunguza kinga ya kijiji kizima, ingawa yeye mwenyewe ni mzima siku ile aliyoingia.

Kwa hiyo kabla ya kusafiri yafaa kumwona afisa mifugo wa mahali unapotoka, ili mbwa achanjwe, apewe kadi, na mwenyewe apewe kibali cha kumsafirisha. Ukifika unapokwenda, mwonyeshe afisa mifugo wa kata kadi hiyo, ili ajue kuwa mbwa yupo na chanjo yake inarudiwa lini. Maana chanjo hii hurudiwa kila mwaka. Na ikiwa mtu ameumwa na mbwa asiyejulikana, asingoje: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile. Ng'ombe nao wana utaratibu wao. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 ilikusudia kwamba kila mfugo utambulike ni wa nani na umetoka wapi, na hereni za masikioni ni njia mojawapo. Katika wilaya kama yetu, yenye wakulima na wafugaji pamoja, kujua ng'ombe ni wa nani ni jambo la amani.

Sasa nimefika kwenye jambo la nne, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: kura.

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandikwa mwaka 2004, likatumiwa kwanza katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2005. Na mwaka 2015 likaandikwa upya kwa mashine zinazochukua picha na alama za vidole. Wengi husikia neno "kudumu" wakafikiri kwamba wakiisha kuandikwa mara moja yamekwisha. Jina hudumu, ndiyo, lakini hudumu pale pale lilipoandikwa. Mpiga kura hupangiwa kituo kimoja, naye humchagua diwani wa kata ile na mbunge wa jimbo lile. Ukihama bila kuhamisha taarifa zako, jina lako litaendelea kukaa ukutani kwa watu ambao hukai nao, na mahali unapokaa hutakuwa na sauti.

Wala si lazima kuhama mkoa ndipo jambo hili likuhusu. Wilaya yetu moja ya Kilosa ina majimbo mawili ya uchaguzi, Kilosa na Mikumi. Mtu wa Magomeni akihamia mji wa Mikumi, mkuu wake wa wilaya ni yule yule, halmashauri yake ni ile ile, lakini mbunge wake ni mwingine na diwani wake ni mwingine. Amehama wilaya? La. Amehama kura? Ndiyo.

Tena kuna jambo linalowachanganya hata watu wazima. Uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao huwachagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, una orodha yake ya wapiga kura, mbali na Daftari la Kudumu. Kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, orodha hiyo iliandikwa kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba. Mama yangu alikuwa na kadi yake ya mpiga kura, ameihifadhi vizuri katika kitambaa. Akaamini kwamba kadi ile yatosha, asiende kuandikwa. Siku ya kura alitafuta jina lake katika orodha ya kitongoji, asilione. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa, kwani orodha ilikuwa wazi na siku zilitangazwa. Lakini katika kitongoji chetu shida ilikuwa mfereji wa maji ya mvua, nalo lilikuwa swali kubwa kwa kila aliyetaka uenyekiti. Na mama, ambaye ndiye aliyekuwa akichota maji ya mvua ndani ya nyumba kwa sufuria, hakuweza kusema lolote kwa kura. Nilimwona akirudi mapema, akaitia kadi katika kitambaa chake, asizungumze mpaka jioni.

Daftari la Kudumu lenyewe lilianza kuboreshwa tarehe 20 Julai 2024 huko Kigoma, likapita mkoa kwa mkoa, siku saba kila mahali. Walioandikwa walikuwa watu wa makundi haya: wale wasiopata kuandikwa, pamoja na vijana ambao wangetimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi; wale waliopoteza kadi; wale ambao taarifa zao zilikosewa; na wale waliohama. Zoezi lilipofika kwetu, mama alikuwa kituoni mapema. Hakujiandikisha upya, maana mtu kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai lenye faini na kifungo. Alitoa kadi yake ya zamani, akasema amehama, taarifa zake zikahamishwa, akapewa kadi mpya. Baadaye Daftari la Awali lilipobandikwa ili watu walikague, alikwenda akalisoma jina lake kwa kidole. Kusoma huku ni muhimu, kwa sababu ndio wakati wa kusahihisha kosa kabla ya siku ya kura.

Huenda mtu akaniuliza: kwa nini kuhangaika sana kwa ajili ya jina katika kitabu? Namjibu kwa historia ya Kilosa hii hii. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita hapa, ikaendelea mpaka Kigoma mwaka 1914; na mashamba ya mkonge yakaleta watu kutoka mbali kuja kukata. Hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Walikuwa na kipande, ambacho kila siku ya kazi ilitiwa alama, mpaka siku thelathini zitimie. Kwa hiyo watu hao walikuwa wameandikwa, tena sana. Lakini waliandikwa kwa faida ya shamba.

Ulipofika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, mwaka 1958 na 1959, ule wa kura tatu, mtu hakuandikwa kuwa mpiga kura kwa kuwa mwananchi tu. Alitakiwa awe amesoma mpaka darasa la nane, au awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe na cheo kinachotambuliwa. Mkata mkonge angezipata wapi shilingi 3,000? Basi watu wale wale ambao daftari la shamba liliwajua kwa namba, daftari la kura halikuwajua kabisa. Ni katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962 ndipo watu wazima wote waliweza kupiga kura bila kuulizwa shule wala mshahara. Mimi nikikumbuka hayo, siwezi kuona foleni ya kuhamisha jina kuwa ni usumbufu. Wako watu waliokaa Kilosa maisha yao yote, wakitafuta daftari ambalo sisi twalifuata kwa miguu nusu saa.

Na jambo hili linatuhusu sisi wa bweni kuliko wengine, maana mwanafunzi ni mtu wa kuhama kila mara. Mwaka 2010 uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 31 Oktoba, na vyuo vikuu vilifunguliwa baada ya siku hiyo. Wanafunzi wengi waliojiandikisha vyuoni wakawa majumbani, mbali na vituo vyao, wakakosa kupiga kura. Sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani Novemba, kisha tutatawanyika: wengine kidato cha tano katika mikoa wasiyoijua, wengine vyuo vya ufundi, wengine biashara. Sheria inataka Daftari liboreshwe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Kwa hiyo kabla ya mwaka 2030 kila mmoja wetu atapata nafasi ya kuandikwa na nafasi ya kuhamisha. Ajiulize: siku ya kura nitakuwa wapi? Mahali hapo ndipo pa kuandika jina.

Kwa ufupi, namba ya taifa na namba ya pikipiki hukufuata. Daftari la kitongoji, ruhusa ya bodaboda, chanjo ya mbwa na kura hazikufuati. Lazima uzichukue mwenyewe kama uchukuavyo godoro lako. Atakayeyashika haya mawili hatapotea mahali popote nchini. Nami nawaomba wenzangu, mnapofunga masanduku yenu mwishoni mwa mwaka, muwaulize na wazazi wenu, hasa wale waliohama karibuni: jina lenu liko wapi?